Magauni ya Yaeli

Harufu ya kitambaa kipya, kile ambacho hakijaguswa na maji bado, hunifanya nitafute mahali pa kukaa. Mwishoni mwa mwaka jana nilimpeleka binti yangu kwa fundi cherehani, apimwe gauni la sikukuu. Fundi alikunjua jora la kitambaa mezani, akapitisha pasi ya mkaa ukingoni kunyoosha makunyanzi, na ile harufu ya wanga na moshi ikanifikia pale mlangoni nilipokuwa nimesimama na mkoba wangu. Nikakaa kwenye benchi la wateja na fundi akaniuliza kwa upole kama nina ujauzito. Nikamwambia ni joto tu. Nyinyi nitawaambia ukweli, kwa sababu hamtanikimbizia maji ya glukosi.

Sisi ni Wayahudi. Ukisema hivyo Arusha watu hukutazama nywele, kisha hukutazama ngozi, kisha hukuuliza kama ni nyinyi mliomsulubisha Bwana wao. Babu yake baba alitoka Yemeni na biashara ya ngozi, akaoa huku, akabaki. Baba alizaliwa hapa na kukulia hapa, na duka lake la vipuri vya magari lilikuwa na vumbi la hapa hapa. Mama ni Mmeru wa juu ya Usa River, binti wa wakulima wa kahawa na ndizi, Mlutheri wa kwaya hasa. Aliingia imani ya baba kabla ya ndoa, kwa masomo ya miaka miwili na kuzamishwa majini. Bibi, mama yake mama, aliyakubali yote hayo akiwa ametulia kwenye kigoda chake. Lilimshinda jambo moja tu: mtoto kumaliza mwaka bila nguo mpya. Imani ni ya mtu na Mungu wake, alisema, lakini nguo ya mtoto wanaiona majirani.

Nyumba yetu ilikuwa Engutoto. Desemba ikifika, wenzangu wa mtaani walikuwa wakihesabu siku za Krismasi, na sisi tulikuwa tukingoja Hanuka, sikukuu yetu ya taa, ambayo hudumu jioni nane. Jamaa za baba walioko ng'ambo walituletea kadi zenye theluji, wakiiita sikukuu ya majira ya baridi. Tulizitazama kadi hizo huku tumevua masweta. Baridi ya kwetu ni ya Julai, pale mlima unapojifunika wiki nzima na watu wakasahau kama upo.

Taa yenyewe baba alimpa kazi fundi wa kuchomelea: vipande tisa vya bomba la maji, vimezibwa chini, vimesimamishwa kwenye pande la chuma. Alimimina humo mafuta ya alizeti na kusokota tambi za pamba kwa vidole. Utambi wa tisa, uliokaa juu ya wenzake, tuliuita mtumishi, maana ndio uliowasha wengine. Jioni ya kwanza uliwaka mmoja pamoja na mtumishi, ya pili miwili, hadi ya nane. Baba alituonya kila mwaka kwamba nuru ile si ya kufanyia kazi wala kusomea, ni ya kutazamwa tu. Mama alikuwa jikoni akichoma maandazi ya jamu ya mapera, kwa kuwa sikukuu hii ni ya mafuta, na mtu asiyekula kitu cha mafuta siku hizo ni kama hakuwepo.

Kuhusu zawadi, baba na mama hawakuwa na mawazo mamoja. Baba alisema zamani za babu yake hapakuwa na habari ya zawadi. Mtoto alipewa karanga na kitu kidogo cha kutia mfukoni, basi. Haya ya kufunga vitu kwa karatasi za kung'aa Wayahudi wa ng'ambo wameyaokota kwa majirani zao wa Krismasi, ili watoto wao wasione wivu. Shangazi yangu wa huko aliwahi kuandika kwamba wanawe wanapata mfuko mmoja kila jioni, na kufikia jioni ya tatu hawasemi tena asante. Baba aliisoma barua hiyo kwa sauti mara mbili, na mara ya pili alifurahi zaidi. Mama alimsikiliza, akamaliza kukanda unga wake, akasema wivu wa mtoto hauponi kwa historia.

Basi wakapatana. Jioni sita za kwanza zilikuwa za baba: karanga, tende, penseli, kifutio, filimbi ya plastiki iliyopotea yenyewe baada ya siku mbili. Jioni ya saba ilikuwa ya mama, na alitoa gauni jipya la kushonwa. Jioni ya nane ilikuwa yangu. Siku hiyo mtoto ndiye aliyetoa, na wakubwa ndio waliopokea. Baba alikuwa na sheria moja ya kupokea na hakuwahi kuilegeza: zawadi haikataliwi. Unaipokea kwa mikono miwili, hata ikiwa jiwe, na unaitumia pale pale mbele ya aliyekupa, ikiwa chakula ukile, ikiwa nguo uivae. Nilipokuwa na miaka sita nilimpa kitana. Baba yangu ana upara tangu nimfahamu. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauchana upara wake kutoka mbele hadi kisogoni, taratibu, na mama akalazimika kutoka nje kwenda kucheka.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo niliisikia mara nyingi sana nyumbani, na nadhani ndiyo iliyonipotosha.

Sasa niwaambie kuhusu Yaeli. Alikuwa dada yangu, mzaliwa wa kwanza. Homa ilimchukua kwa siku nne akiwa na miaka mitano, mvua za vuli zikiwa ndiyo zinaanza, na mimi nikiwa na mwaka mmoja. Sina kumbukumbu yake hata moja. Nilichokuwa nacho ni picha ukutani ya msichana mwenye utepe mweupe kichwani, akimkunjia uso mpiga picha, na jina. Jina lilikuwa kila mahali. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mtoto akifa jina halifi naye. Wauza mboga walibisha geti wakiita Mama Yaeli, na walimu wangu waliandika barua kwa Mama Yaeli. Mimi Dina, niliyekuwa hai, nilizifikisha.

Alipofariki, gauni lake la sikukuu lilikuwa kwa fundi tayari. Mama alilifuata. Jioni ya nane ya mwaka ule alilikunja, akaliweka mezani chini ya taa, na baba hakuuliza kitu. Huenda aliona ni machungu ya mwaka wa kwanza. Lakini mwaka uliofuata mama alishona jingine, kubwa kidogo. Mwaka wa tatu jingine, kubwa zaidi. Kwa wafu baba alikuwa na utaratibu wake wote, taa ya kumbukumbu mara moja kwa mwaka, sala yake, na mahali sala inapokwisha. Mama alikuwa na magauni, na magauni yalikuwa yanakua.

Mtauliza alijuaje vipimo. Juu ya Usa River, nyumbani kwa Bibi, alikuwepo binti wa mjomba wangu aitwaye Neema, aliyezaliwa mwezi mmoja na Yaeli. Kila Novemba tulipanda kwenda kumsalimia Bibi, tukala loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, na baada ya kula mama alitoa futi ya fundi kwenye mkoba. Neema alisimama kizingitini mikono imenyooshwa. Mama alimpima mabega, kiuno, na urefu kutoka shingo hadi chini ya goti, akaandika kwenye kijitabu, akarudia kwa kuwa hakuiamini mara ya kwanza. Ilimchukua muda mrefu. Bibi alikuwa akitazama migomba wakati huo. Na Neema hakuwahi kupata gauni hata moja kati ya yale aliyopimiwa. Yeye alivaa nguo walizoziacha binamu zake wa Moshi.

Siku moja tukichuma kahawa iliyoiva Neema aliniambia, bila hasira, kwamba yeye hapimwi. "Anayepimwa ni dada yako," alisema. "Mimi namwazima mwili tu." Kisha akaendelea kuchuma. Usiku ule sikutaka kulala naye kitanda kimoja.

Mimi mama hakunipima. Alinikadiria kwa macho, akamwambia fundi aache pindo kubwa la kukulia. Nilipovaa gauni langu na kugeuka ili nitazamwe, macho yake yalishuka kwenye pindo. "Utakua," alisema. Nilikuwa mtoto wa kukulia nguo, na dada yangu aliyekuwa kaburini alikuwa na nguo za kumkaa sawasawa. Nilimwonea wivu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilimwonea wivu mtoto aliyekufa, kwa kuwa alikuwa anapendwa bila kukosea kitu. Yeye hakuwahi kuvunja kikombe.

Magauni yalikaa kwenye sanduku la bati chumbani kwa mama. Jioni jua likizama na joto likipungua, bati lilialika, ta, ta, peke yake. Sasa najua ni chuma kinachopoa. Wakati ule nilijua ni Yaeli anajaribu nguo zake, na nilipita kwenye korido ile nikiwa nimebana mgongo ukutani upande wa pili.

Mwaka niliofikisha miaka tisa, Hanuka ilikwisha siku chache kabla ya Krismasi. Yaeli angekuwa na miaka kumi na mitatu. Neema alikuwa ameanza kuota maziwa, kwa hiyo fundi alitia mikunjo kifuani, kama gauni la msichana anayeacha utoto. Mchana wa siku ya nane nilimkuta mama akilipiga pasi. Alifika kwenye ile mikunjo, akasimama. Aliweka vidole juu ya kifua cha gauni, mahali palipokuwa patupu, na machozi yakamtoka bila sauti yoyote, yakadondoka kwenye kitambaa, na yeye akayapiga pasi. Mvuke mdogo ulipanda. Hakujua kwamba niko mlangoni.

Nilikuwa sijapata zawadi ya kutoa jioni ile. Nilikuwa nimechora mlima, lakini ulitoka kama kichuguu. Pale mlangoni nikajua mama anataka kitu kimoja tu duniani, na nikajua kwamba kitu hicho ninaweza kumpa mimi. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni moyo.

Saa kumi na mbili kasoro umeme ulikatika, kama kawaida ya siku zile. Baba aliwasha mtumishi, na kwa mtumishi akawasha minane, tukaimba, sebule ikawa ya rangi ya mafuta. Gauni jipya lilikuwa mezani chini ya taa, limekunjwa. Nikasema naenda kuileta zawadi yangu. Baba akafuta mikono kwenye suruali, tayari kupokea.

Nilifungua sanduku nikiwa nimeshikilia pumzi. Yalikuwa manane humo ndani, yamepangwa kwa miaka, na nilihesabu kwa kupapasa, mitano, sita, saba, minane, hadi nikafikia la mtoto wa miaka tisa. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lenye kola nyeupe, na mwaka liliposhonwa mimi nilikuwa na miaka mitano. Nililivaa. Lilinikaa mabegani, likanikaa kiunoni, likaishia chini ya goti mahali hasa linapotakiwa. Hakuna nguo iliyowahi kunikaa hivyo. Nilifunga utepe kichwani, nywele zangu zikiwa fupi za shule. Kitambaa kilikuwa cha baridi mwilini na kilinukia dukani bado, miaka minne baada ya kushonwa, na nikaogopa kwamba huenda humo ndani mna mtu kweli na mimi nimemwingilia.

Nikatembea koridoni. Nikasimama mlangoni mwa sebule.

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Mimi ni Yaeli. Nimekuja."

Baba aliinuka nusu. Mama aliinua kiganja kumzuia bila kumtazama, na baba akakaa. Hata sasa nikifumba macho nauona uso wa mama ukiwa na mianga tisa midogo, na siwezi kuwaambia ulikuwa uso wa furaha au wa nini. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Karibu. Njoo hapa."

Aliniweka magotini ingawa nilikuwa mkubwa mno kwa hilo. Alininusa shingoni. Aliuliza kama nimekula. Kabla sijajibu alikata andazi, akanilisha kwa mkono wake, kipande kwa kipande, jamu ikinidondokea kwenye kola nyeupe na yeye akiifuta kwa kidole. Mimi nilikuwa sijalishwa na mama tangu niweze kushika kijiko.

"Huko ulikokuwa kuna baridi?" aliniuliza.

"Hapana, Mama."

"Nani anakusuka?"

"Nasukwa na bibi mmoja hivi."

Alicheka kidogo puani. Nikajisikia kuwa mtu muhimu kuliko wote Arusha. Nilijua nimefaulu, zawadi yangu imepokelewa, inatumika mbele yangu kama ilivyo sheria. Kisha mama alinisogeza mbele kidogo, akanishika mashavu, akanitazama machoni kwa muda.

"Na mdogo wako?" aliuliza. "Dina yuko wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikafikiri haraka. Niliona kwamba zawadi lazima iwe kamili, kwamba huwezi kumleta mtu mmoja nyumbani na kumwacha mwingine amesimama katikati ya chumba akiharibu kila kitu. Na sitawaficha, palikuwa pia na donge langu. Nilitaka kuona atafanyaje.

"Dina hayupo," nikamwambia. "Ameenda huko nilikokuwa mimi."

Mikono yake ilibaki mashavuni mwangu, lakini nguvu ilitoka. "Ameenda lini?"

"Leo."

"Atarudi?"

"Hapana, Mama. Tumebadilishana."

Hakupiga kelele wala hakunipiga. Alinishusha magotini taratibu, akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Baba alinitazama kama mtu aliyeletewa kipuri asichokijua ni cha gari gani. Mwishowe aliniambia nivue gauni lile, nivae langu. Tuliketi wawili kutazama tambi zikinyonya mafuta ya mwisho, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekula andazi tena.

Asubuhi yake sanduku lilikuwa wazi na tupu. Mama alikuwa ameyafunga magauni kwenye shuka. Aliyabeba mwenyewe hadi kwa Bibi, akarudi jioni mikono mitupu, na habari ya magauni haikusemwa tena nyumbani kwetu.

Siku ya Krismasi tulipanda kuwasalimia ndugu wa mama, kama tulivyofanya kila mwaka. Mvua ilikuwa imenyesha, migomba ilikuwa inadondosha maji, na kengele ya kanisa ilikuwa inapigwa. Nilikuwa uani kwa Bibi niliposikia sauti za wasichana njiani. Nikaenda kwenye ua wa miti kuchungulia.

Walikuwa wanane. Mdogo kabisa alikuwa na gauni la njano la mtoto wa miaka mitano, anashikwa mkono na mwenye la kijani la miaka kumi na mmoja. Nyuma yao lile la maua la miaka saba, lile la mistari la miaka sita, lile la bluu. Neema alikuwa wa mwisho, na gauni la miaka kumi na mitatu lilimkaa kifuani bila nafasi hata kidogo. Wote walikuwa wanapandisha njia ile nyembamba ya udongo mwekundu kwenda ibadani, wanainua pindo zisiguse matope. Mimi sikuona wasichana wanane. Nilimwona dada yangu wa miaka mitano, na wa sita, na wa saba, anajifuata mwenyewe mlimani, na palipotakiwa kuwa na wa miaka tisa palikuwa na pengo, mtu hayupo, wanaliruka. Gauni lile la damu ya mzee sijaliona tena mpaka leo na sikuwahi kuuliza liko wapi. Mama alisimama penye uwazi wa ua, akawasalimia mmoja mmoja, akawasifia nguo. Neema alipopita alimrekebisha kola. Mimi nilikwenda nyuma ya banda la ng'ombe nikatapika.

Kwa miaka mingi nilijua maana ya siku zile. Nilijua kwamba mama alidanganyika, kwamba kwa muda wa andazi moja aliamini amerudishiwa mwanawe, na alipotambua kuwa ni mimi tu, moyo ukamvunjika mara ya pili. Ndiyo maana akayagawa magauni. Nilikuwa nimemuua Yaeli kwa namna ambayo homa haikuweza. Nilikua na jambo hilo, nikasoma nalo, nikaolewa nalo. Nilipompata binti yangu nililia hospitalini, wakadhani ni furaha.

Basi siku ile niliyowaambia, baada ya fundi, sikwenda nyumbani. Nilimchukua binti yangu tukaenda Olasiti, ambako wazazi wangu wanaishi siku hizi. Baba alikuwa amelala. Binti yangu akaenda kufukuza kuku. Mama alikuwa kwenye mkeka barazani anachambua mchele kwenye ungo, nikakaa karibu naye, na nikauliza kabla sijaweza kujizuia.

"Mama, ile jioni nilipovaa gauni la Yaeli. Uliamini?"

Hakuuliza jioni gani. "Niamini nini?" alisema. "Mtoto nilimfunga sanda kwa mikono yangu. Nilikujua hata kabla hujafika mlangoni. Unaburuta mguu wa kushoto mpaka leo."

"Sasa mbona ulinipokea?"

"Ulikuwa umeleta zawadi, Dina. Ulitaka nifanyeje? Baba yako alichana upara."

Tulicheka, wote wawili. Nilidhani yamekwisha. Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani, na alipoongea tena hakuniangalia.

"Nilikuuliza Dina yuko wapi."

"Nakumbuka, Mama."

"Nilikuwa nakufungulia mlango. Nilitaka useme niko hapa, tucheke, tule maandazi. Ukasema ameenda kwa mwenzake. Ukasema harudi." Alitikisa ungo. "Ulisema vizuri, bila hata kubabaika, mtoto wa miaka tisa. Nikajiuliza nani amemfundisha huyu kwamba anaweza kuondoka na mama yake akashukuru. Nikajua ni mimi. Yaeli alichukuliwa na homa. Wewe nilikuwa nakuzika mwenyewe, pindo kwa pindo."

Nilimshika mguu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Miaka yote nilidhani usiku ule nilishindwa kumletea mtoto mmoja. Kumbe nilikuwa nimemwondolea mwingine, mbele ya macho yake, kwa mdomo wangu mwenyewe, naye akaingia chumbani kumlilia aliye hai.

Kuna jambo sikuwaambia kwa kuwa nililiona dogo. Tangu wiki ile ya Krismasi mama alianza kuniita bila sababu. Niko uani nafua, nasikia "Dina!" Naitika abee, nakimbia na povu mikononi, na yeye anasema, "Haya, endelea." Aliniita nikiwa chooni, aliniita nikiwa naye chumba kimoja. Rafiki zangu walimwigiza, nami nilikuwa nakereka. Nilipokwenda chuo akahamia kwenye simu, mara mbili au tatu kwa siku: "Dina?" "Abee, Mama." "Haya." Na anakata. Mume wangu husema mama mkwe wake ni bingwa wa kubana vocha.

Tuliaga jua likiwa bado juu. Tulikuwa hatujafika hata njia panda, binti yangu akiwa ananielezea kuku mmoja mwenye dharau, simu ilipoita.

"Dina?"

Nilisimama kando ya barabara. "Nipo, Mama," nikamwambia. "Niko hapa."

Hakusema haya. Nilisikia mchele ukipepetwa polepole upande wa pili, na hakukata.